Kubeba Dishi Safarini: Kutoka Unguja na Pemba Hadi Mombasa, Mafia na Ngazija

Kaskazi ikianza kuvuma na wavuvi wa Pemba wakijiandaa kwenda dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, upande wa Vanga na Shimoni huko Kenya, maswali nayo huanza. Dishi langu la nyumbani litashika kule? Nilipie huku au nilipie huko? Nitajuaje pa kulielekeza? Wanaouliza si wavuvi peke yao. Wapo wafanyabiashara wanaokaa Moroni, mji wa Ngazija huko Komoro, wiki kadhaa, wapo wanaokwenda kumuuguza mtu Mombasa, na wapo wachumaji wa karafuu wanaohamia kambini ambako hata umeme haujafika. Kila mmoja anataka taarifa ya habari ya nyumbani na, tuseme kweli, mechi ya Simba na Yanga.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufunga dishi kwa mkono wake. Ukiufuata kwa utulivu utalifunga mwenyewe bila kumlipa fundi kila unapohama.

Ya kujua kabla ya yote

Setilaiti ya televisheni imekaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na kwa macho yetu haitembei. Azam TV inarusha kutoka nyuzi 7 mashariki, na DStv ya kwetu kutoka nyuzi 36 mashariki. Sisi tupo kwenye nyuzi 39 na kitu. Kwa hiyo ile ya 36 ipo karibu na utosi wetu, na ile ya 7 ipo upande wa magharibi, katikati ya upeo na utosi. Nadharia inatosha hapo.

Mawimbi haya yamelengwa Afrika, kusini ya Sahara. Ukienda Mombasa, Mafia au Mtwara bado umo ndani. Ukienda Maskati au Dubai, usijichoshe kubeba ungo wako mdogo. Na kama king'amuzi chako ni kile cha antena, si cha dishi, kiache nyumbani hata kama unavuka kwenda Kenya tu, kwa sababu kinategemea minara ya hapa.

Jambo la pili ni haki ya kutazama. Kampuni za vifurushi huuza huduma nchi kwa nchi, maana haki za mpira na filamu nazo huuzwa hivyo. Dishi linaweza kushika mawimbi vizuri kabisa na kadi bado ikafungwa kwa masharti. Piga huduma kwa wateja kabla ya kupanda boti, sema unakwenda nchi gani, uliza kama kadi yako inaruhusiwa kutumika huko. Wakisema hapana, nunua kadi ya huko. Ungo, stendi na kebo vitabaki kuwa na kazi yake.

Vitu vya kuwa navyo

Ungo wa sentimita 60 unabebeka kirahisi na unatosha kukiwa na anga safi. Wa sentimita 80 au 90 unavumilia mvua zaidi, na kama unakwenda Ngazija au unasafiri wakati wa masika, mimi ningebeba huo mkubwa bila kusita. Stendi iwe ya miguu mitatu, ya chuma. Kuegemeza ungo kwenye tofali si kufunga dishi.

LNB, yaani kile kichwa kinachokaa kwenye mkono mbele ya ungo, iwe ile ya kawaida yenye masafa ya ndani 9750 na 10600. Imeandikwa kwenye kibandiko chake. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hutumiwa vifaa na jamaa zao walioko Marekani, vizuri vya kukunjika na vya bei kubwa, kumbe vimetengenezwa kwa setilaiti za kule, na LNB yake haisomi mawimbi ya huku. Yale madishi yanayojitafutia setilaiti yenyewe nayo yana orodha maalumu ndani yake. Kama nyuzi 7 au 36 mashariki haimo kwenye orodha, usinunue.

Vingine: kebo ya dishi ya mita 15 hadi 20 yenye konekta mbili zilizofungwa vizuri na mbili za akiba, spana namba 10 na 13, plaizi, bisbisi, tepu nyeusi ya umeme, kalamu ya wino usiofutika, kamba, na kiroba kitupu utakachojaza mchanga ukifika. Simu yenye dira na kipimo cha mwinuko. King'amuzi, kadi, rimoti, na betri za rimoti. Beba pia risiti za vifaa, maana forodhani utaulizwa kama ni mali yako au ni biashara.

Plagi: Kenya wanatumia ile ile yetu ya miguu mitatu ya bapa. Komoro wanatumia ya miguu miwili ya duara kama Ufaransa, kwa hiyo chukua adapta.

Kama unakwenda dago au kambini pasipo umeme, tafuta TV ya volti 12. TV ndogo na king'amuzi kwa pamoja hula wati 40 hivi. Soma vibandiko vya vyako uhakikishe. Kwa saa nne hiyo ni wati-saa 160, karibu ampia-saa 13 kutoka betri ya volti 12. Betri ya gari haitakiwi kushushwa chini ya nusu, basi chukua isiyopungua ampia-saa 30, na ya 50 kama mawingu ni ya siku nyingi. Usiunganishe king'amuzi moja kwa moja kwenye betri wakati paneli ya sola inachaji. Betri hupanda kupita volti 14 wakati huo, na king'amuzi kimeandikwa 12. Weka katikati kifaa cha kutuliza volti.

Hatua

1. Fanya mazoezi nyumbani. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wanaporuka. Dishi lako likiwa bado linaonesha vizuri, ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya ufungaji. Piga picha kila ukurasa: masafa, kasi ya data, mlalo wa mawimbi, aina ya LNB. Piga picha pia ya ile mistari miwili, nguvu na ubora, upate kujua dishi zuri linasoma ngapi.

2. Pima mwinuko wa ungo wako. Chukua fimbo iliyonyooka, iweke wima mbele ya ungo iguse ukingo wa juu na wa chini. Bandika simu juu ya fimbo na usome kipimo cha mwinuko. Andika namba hiyo nyuma ya ungo kwa kalamu ya wino. Usishangae ikiwa haifanani na namba za setilaiti nitakazotaja. Ungo huu umetengenezwa kupokea mawimbi kwa kukingama, ndiyo maana unaonekana kama unatazama chini kuliko unavyotazama kweli. Namba yako ya nyumbani ndiyo ya kufuata.

3. Weka alama kwenye LNB. Kabla ya kuilegeza, chora mstari mmoja unaopita juu ya LNB na kishikio chake kwa pamoja. Sisi tulio karibu na ikweta, tukitazama setilaiti iliyo mbali magharibi kama ya nyuzi 7, LNB hukaa imelala sana ubavu, si wima kama kwenye picha za kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Ulaya. Ukiifungua bila alama utakaa juani mchana kutwa.

4. Lipia kabla ya kuondoka na acha king'amuzi kimewaka mpaka kifurushi kifunguke. Ukishavuka mpaka, laini yako ya simu inaweza kukukatalia malipo. Namba ya kadi iandike kwenye karatasi.

5. Ukifika, chagua mahali. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba au kiongozi wa kambi, kisha tafuta eneo lililo wazi upande wa magharibi. Kwa nyuzi 7, mti au ukuta ulio upande huo uwe mbali nawe kwa umbali usiopungua urefu wake: mnazi wa mita 15, wewe kaa mita 15 nyuma. Makuti ni hatari kuliko ukuta, kwa sababu ukuta unaziba moja kwa moja ukajua, lakini makuti yanacheza na upepo, picha inakuja na kukatika, ukadhani king'amuzi kimeharibika. Usisimamishe stendi karibu na nyaya za umeme.

6. Simamisha stendi wima kabisa. Tumia pima maji au simu. Jaza kiroba mchanga, kining'inize katikati ya miguu mitatu au kifunge juu ya mguu. Wakati wa kusi funga pia kamba kwenye mti au kigingi. Stendi iliyoinama kidogo inaharibu hesabu yote inayofuata.

7. Tafuta upande kwa kibla. Njia hii ndiyo ninayoipenda kuliko dira ya simu, ambayo hupotoshwa na chuma cha stendi yenyewe. Makka ipo longitudo nyuzi 39.8 mashariki, na sisi tupo kwenye mstari huo huo kwa tofauti ndogo sana. Kwa hiyo Unguja, Pemba, Mafia na Mombasa, anayeelekea kibla anaelekea kaskazini. Simama kama unayetaka kusali, nyoosha mkono wa kushoto pembeni sawasawa: huko ni magharibi. Sasa usogeze mkono mbele kidogo, upande wa kibla. Kwa setilaiti ya nyuzi 7, Chake Chake usogeze nyuzi 8, mjini Unguja 10, Mombasa 6, Mafia 12. Ngumi iliyokunjwa, mkono ukiwa umenyooka, inafunika karibu nyuzi 10, basi una kipimo mwilini mwako.

Moroni ni tofauti, nayo huwakosesha wengi. Kule uelekeo wa kibla umeelemea kushoto ya kaskazini kwa nyuzi 6 hivi, na setilaiti yenyewe ipo nyuzi 15 mbele ya magharibi. Ukianzia mkono wa kushoto wa anayesali Moroni, sogea mbele nyuzi 21, kama ngumi mbili.

Misikiti mingine mihrabu yake imepinda kidogo, kwa hiyo linganisha na dira, ukiwa umesimama hatua chache mbali na chuma.

8. Weka mwinuko. Hapa kuna habari njema. Setilaiti ya nyuzi 7 ina mwinuko wa nyuzi 52 mjini Unguja, 51 Chake Chake, 52 Mombasa, 51 Mafia. Pwani yote hii haibadiliki hata nyuzi 2. Rudisha ile namba uliyoandika nyuma ya ungo, kaza nusu, umemaliza. Kilichobaki ni kutafuta upande tu. Moroni ndiko unakoshuka hadi 46: ukitoka Pemba punguza nyuzi 5 kwenye namba yako, na ukitoka Unguja punguza 6.

Kwa wenye DStv, mwinuko ni nyuzi 82 kwetu, 84 Mombasa, 80 Mafia, 74 Moroni. Ungo unakaribia kulala chali. Setilaiti ikiwa juu namna hiyo, kosa dogo la upande halikudhuru sana, lakini kosa dogo la mwinuko linakunyima kila kitu, kwa hiyo anza kwa kutafuta mwinuko.

9. Unganisha, kisha washa. Konekta ya LNB kwanza, ya king'amuzi pili, umeme mwisho. King'amuzi hupeleka volti 13 hadi 18 kwenye kebo kulisha LNB. Ukichomeka konekta huku kimewaka, uzi mmoja wa shaba ukigusa pembeni unaweza kukiunguza.

10. Zungusha polepole ukitazama ubora. Mtu mmoja akae kwenye TV, mwingine kwenye ungo. Anza nyuzi 15 upande mmoja wa pale unapodhani, sogeza kwa upana wa kucha, subiri sekunde tatu, sogeza tena. King'amuzi kinahitaji muda wa kutambua. Anayezungusha haraka huipita setilaiti bila kujua. Ukimaliza safari nzima bila kitu, pandisha mwinuko nyuzi 1, rudi ulikotoka. Kisha shusha nyuzi 1 chini ya pale pa mwanzo, rudia.

Ule mstari wa nguvu usikushughulishe. LNB ikiwa hai tu, nguvu husoma hata ungo ukitazama ukuta. Ubora ndio unaosema umeshika setilaiti au hujashika.

11. Noa. Ubora ukitokea, sogeza kushoto na kulia mpaka upate kilele, halafu juu na chini, halafu izungushe LNB kidogo kidogo huku na huku ya ile alama yako. Mombasa na Mafia itabaki karibu pale pale. Moroni itahitaji kuzungushwa nyuzi 8 hivi. Linganisha na picha uliyopiga nyumbani. Kaza nati kwa zamu, kidogo hii kidogo ile, ukitazama ubora, kwani kukaza nati moja kwa nguvu kunauvuta ungo.

12. Funika konekta kwa tepu, na iachie kebo kitanzi kinachoning'inia chini ya LNB ili maji ya mvua yadondoke pale yasiingie ndani.

Makosa yanayojirudia

Wengi hubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, mwinuko na upande pamoja, na baada ya hapo hawajui walikotoka. Gusa kimoja, tazama, kisha kingine.

Wengine hurudisha king'amuzi kwenye mipangilio ya kiwandani mara tu picha inapokosekana. Usifanye hivyo ukiwa safarini. Utafuta masafa yote, na tatizo lilikuwa kwenye ungo.

Kuna wanaotaka kutazama chomboni. Dishi la kawaida halifanyi kazi kwenye jahazi wala boti inayokwenda. Kutikisika kwa nyuzi 2 tu kunatosha kulipotezea setilaiti. Subiri kufika.

Na radi ikianza, chomoa umeme na kebo ya dishi pia. Kuzima kwa rimoti hakulindi chochote.

Likigoma

*Nguvu na ubora vyote ni sifuri.* Mawimbi hayajafika kwenye king'amuzi kabisa. Zima, fungua konekta zote mbili. Uzi wa katikati uchomoze milimita kadhaa, uwe unang'aa, na usiguswe na nyuzi za pembeni. Ukiona ukijani, chumvi imeingia: kata, menya upya, funga konekta ya akiba.

*Nguvu ipo, ubora hakuna.* Ungo hautazami mahali pake, au masafa si sahihi. Linganisha menyu na picha zako, kisha rudi hatua ya 7.

*Ubora upo lakini chaneli hazitoki.* Huenda umeshika jirani. Setilaiti ya nyuzi 5, kwa mfano, ipo karibu mno na ya 7, na ungo wa sentimita 60 huweza kuzichanganya. Zungusha kwa upole mpaka ubora udondoke, utafute mlima mwingine ubavuni mwake.

*Chaneli nyingine zinaonesha, nyingine hazioneshi kabisa.* Mara nyingi LNB imezunguka ikatoka kwenye alama. Irudishe.

*Picha inakatika mchana, usiku iko sawa.* Tazama makuti na upepo kwanza. Lakini ikiwa ni tarehe 20 na kitu Machi, au karibu na 20 Septemba, na inakatika mnamo saa tisa alasiri kwa dakika chache, basi ni jua linapita nyuma ya setilaiti ya nyuzi 7. Usiguse kitu. Itarudi yenyewe, na baada ya siku chache halitatokea tena mpaka msimu mwingine. Mwenye ungo wa kufunga siku hizo apate faida yake: mwanga wa jua unaorudishwa na ungo ukianguka juu ya uso wa LNB saa hiyo, ungo umekaa penyewe au karibu sana.

*Inakatika kwenye mvua kubwa.* Hapo mawimbi yananyonywa na maji, hakuna la kurekebisha wakati huo. Mvua ikiisha na picha isirudi, tazama kama mchanga wa chini ya stendi umetitia.

*Chaneli zimefungwa, mawimbi ni mazuri.* Ni kadi. Kwa DStv, E16 ni habari ya malipo na E48-32 ni kukosa mawimbi. Usihangaike na ungo ukiona ya kwanza. Acha king'amuzi kimewaka kwenye chaneli ya kifurushi chako, kisha omba kampuni ifungue upya. Kikizimwa hakipokei amri hiyo, hata wakituma mara ngapi.

Siku ya kufungasha, futa LNB, nati na stendi kwa kitambaa chenye maji baridi, si ya bahari, anika vikauke, paka nati mafuta kidogo, na viringisha kebo kwa duara pana la upana wa kiwiko. Kebo iliyokunjwa kwa pembe kali huvunjika ndani, na hutaligundua hilo mpaka ufike kituo kinachofuata.